SOMO LA KIINGEREZA: MANENO MADOGO NA MANENO YARUDIWAYO

Wasomaji wetu, na hasa ninyi waalimu pamoja na wazee wenye kazi ya baraza, leo twataka kusema habari za maneno madogo ya Kiingereza, kama vile "in", "on", "at", "to", "by", "with" na "for". Wataalamu wa lugha huyaita vihusishi, maana kazi yao ni kuhusisha jambo moja na jingine. Kwa kuwa ni madogo, wanafunzi wengi huyadharau, wakadhani kwamba mtu akijua maneno makubwa amekwisha kujua Kiingereza. Pamoja na hayo tutaeleza kosa la pili, lililo ndugu wa hilo la kwanza, nalo ni kurudia neno pasipo haja.

Tuanze barazani, kwa kuwa huko neno dogo laweza kumpeleka mtu kifungoni. Karani ameandika kwa Kiswahili, "Ali alishtakiwa na Juma." Waliokuwapo wajua maana yake, kwani walimwona Juma akisimama kutoa mashtaka. Walakini neno "na" lina kazi mbili katika lugha yetu: humtaja mtendaji, na tena humtaja mwenzi. Sasa karatasi ile yapelekwa kwa mfasiri asiyekuwapo. Akiandika "Ali was accused by Juma," Juma ni mshtaki. Akiandika "Ali was accused with Juma," Juma naye ni mshtakiwa, wamesimama wawili kizimbani. Neno la herufi mbili limegeuzwa kuwa la herufi nne, na mtu aliyeibiwa amekuwa mwizi. Yule atakayeisoma karatasi hiyo mjini, mbali na baraza, hana shahidi mwingine wa kumwuliza.

Vivyo hivyo katika ndoa. Kwa Kiswahili twasema, "Asha aliolewa na Salim," na kila mtu ajua kwamba Salim ndiye mume. Mwanafunzi akifasiri neno kwa neno ataandika "Asha was married by Salim," na Mwingereza atafahamu kuwa Salim ni kadhi au padre, aliyewafungisha ndoa Asha na mtu mwingine! Mume hutajwa kwa "to": "Asha was married to Salim." Au kihusishi huachwa kabisa: "Asha married Salim." Wala haifai kusema "married with".

Je, shida hii yatoka wapi? Wako wasemao kwamba Kiswahili ni lugha maskini, haina vihusishi vya kutosha. Sisi hatukubali. Kiswahili kinazo njia zake za kufanya kazi hiyo, ila mzigo umewekwa mahali pengine. Tazama neno "nyumbani". Twasema natoka nyumbani, naelekea nyumbani, nalala nyumbani, na ile "-ni" haibadiliki kamwe. Kitendo ndicho kituonyeshacho kama mtu atoka, aenda au akaa. Mwingereza hawezi kufanya hivyo. Hana budi kusema "from the house", "to the house", "in the house". Tena, tukitaka kunena kwa uangalifu zaidi, tunayo yale matatu: nyumbani mwangu, nyumbani pangu na nyumbani kwangu. "Mwangu" ni ndani, penye kuta na dari. "Pangu" ni mahali hasa pajulikanapo. "Kwangu" ni upande wangu, pasipo kuonyesha mpaka. Mtoto aliyefundishwa vema tofauti hiyo katika Kiswahili hapati taabu kubwa kufahamu kwamba "in" huelekea ndani, na "at" huelekea mahali palipotajwa. Twawasihi waalimu waanzie hapo, badala ya kuwakaririsha watoto orodha ya maneno ubaoni.

Lakini mtu asidhani kwamba njia hiyo itamfikisha mwisho wa safari, maana desturi ya Kiingereza ina vituko vyake. Konde la mtama ni "in the field", lakini shamba zima pamoja na nyumba na mifugo yake ni "on the farm", na soko ni "at the market". Kwetu yote ni "-ni" tu: kondeni, shambani, sokoni. Mtu hukaa "in Zanzibar" akitaja nchi au mji, ila "on the island of Pemba" akitaja kisiwa, kana kwamba amesimama juu ya mgongo wake. Hufika "at the station", na hufika "in Tanzania"; lakini akitumia neno "reach" haruhusiwi kutia kihusishi chochote, bali atasema "We reached Tabora." Neno "home" nalo, likifuata "go", halitaki "to". Mambo kama hayo hayana hoja. Ni kuyashika tu, kama tushikavyo jina la mtu bila kumwuliza kwa nini aliitwa hivyo.

Katika Kiswahili, neno lenye hila kuliko yote ni "kwa". Alikata kwa kisu: "with a knife". Alikwenda kwa miguu: "on foot". Alisafiri kwa gari la moshi: "by train". Aliandika kwa Kiswahili: "in Swahili". Aliuza kwa shilingi mia: "for a hundred shillings". Alikufa kwa njaa: "of hunger". Alikwenda kwa chifu: "to the chief". Hayo ni maneno saba mbalimbali ya Kiingereza yaliyotoka katika neno moja letu, wala hatujamaliza. Mtu atafutaye tafsiri moja ya "kwa" ni sawa na atafutaye kanzu moja ya kuwaenea watoto wote wa nyumba. Afadhali ajiulize kwanza: "kwa" hii yafanya kazi gani hapa? Je, ni ya chombo, au ya safari, au ya bei, au ya sababu, au ya mtu aendewaye? Akishalijua hilo, ndipo atafute neno la Kiingereza. Na hata hivyo awe macho, kwa maana barazani "kwa wizi" hubadilika kila hatua ya shauri: mtu huwa "accused of theft" au "charged with theft", kisha akipatikana na hatia huwa "convicted of theft", na mwisho huwa "sent to prison for theft".

Sasa tuje kwenye mali. Mtu akisema "nimeazima jembe," je, amelitoa au amelipokea? Katika Kiswahili neno hilo hutumika pande zote mbili, na ujirani hutusaidia kufahamu, kwani jembe la kila mtu lajulikana. Katika Kiingereza vitendo ni viwili, na kila kimoja kina kihusishi chake. "I borrowed a hoe from Ali" maana yake jembe ni la Ali. "I lent a hoe to Ali" maana yake jembe ni langu. Neno "rent" ni la hatari zaidi, kwa kuwa ni lile lile kwa mpangaji na kwa mwenye nyumba, na kihusishi peke yake ndicho kimwonyeshacho mwenye mali. "I rented the house from Ali": nyumba ni ya Ali, nami ni mpangaji. "I rented the house to Ali": nyumba ni yangu, na Ali ndiye anilipaye. Mtu akikosea hapo ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba nyumba si yake, na siku ya ugomvi karatasi itamshuhudia.

Habari za wakati hazina maelezo marefu, ila zina hasara kubwa. Neno letu "mpaka" humfanya mwandishi kuandika "I shall pay the debt until Friday," na msomaji hudhani kwamba atakuwa akilipa kidogo kidogo hata Ijumaa, kisha ataacha. Alilokusudia ni "by Friday", yaani Ijumaa isipite. "On Friday" ni siku yenyewe, si kabla wala si baada yake. Na "since" hutaka mwanzo, kama "since January". Muda uliohesabiwa hutaka "for", kama "for three years". Saa nazo zifasiriwe kwa akili: saa mbili asubuhi ni "eight o'clock in the morning", na shahidi aliyeandikiwa "two o'clock" atafika mchana, saa sita baada ya shauri kuanza.

Twaja sasa kwenye jambo tulipendalo kuliko yote katika somo hili. Kiswahili kina kitendo chenye mkia, "-ia" au "-ea", na mkia huo aghalabu ndio kihusishi chetu. Kukimbia chui ni "to run away from a leopard", na kumkimbilia baba ni "to run to one's father". Tazama jinsi "-lia" ilivyogeuza miguu ya mtu ielekee upande mwingine. Sasa angalia maneno haya ya kila siku: kiti cha kukalia, kalamu ya kuandikia, karatasi ya kuandikia, maji ya kuogea, kisu cha kukatia nyama. Kwa Kiingereza ni "a chair to sit on", "a pen to write with", "paper to write on", "water to bathe in", "a knife to cut meat with". Mwanafunzi aandikaye "a chair to sit" ameutupa ule mkia, kama asemaye kwetu "kiti cha kukaa" pale alipotaka "cha kukalia". Basi mwalimu na awaambie watoto wake: kila mwonapo "-ia" au "-ea" mwishoni mwa kitendo, yamkini Kiingereza chawadai neno dogo, tazameni kama mmelilipa. Mara nyingine hakidai, mathalani "aliniletea maji" huwa "he brought me water", lakini kuuliza si kosa.

Hapa mwalimu mmoja atainua mkono na kusema, "Mimi nilifundishwa kwamba ni haramu kumaliza sentensi kwa kihusishi." Ni kweli kwamba wengi walifundishwa hivyo, na katazo hilo lina historia yake. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson, mtunga michezo aliyekuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1637, kwa kuweka kihusishi mwisho wa sentensi. Baadaye Dryden aliyapitia hata maandishi yake mwenyewe ya zamani, akavihamisha vihusishi vya namna hiyo. Mwaka 1762 Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi akisema kwamba desturi hiyo ni ya mazungumzo, na kwamba maandishi ya heshima hupendeza zaidi kihusishi kikitangulia. Lilikuwa shauri la mtu mwenye adabu; waliomfuata wakaligeuza kuwa amri. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1926, aliikataa amri hiyo waziwazi. Sisi tuko upande wa Fowler. "A chair on which to sit" ni Kiingereza safi, lakini hakuna Mwingereza amwambiaye mgeni wake hivyo nyumbani.

Tena, woga wa katazo hilo ndio uzaao kosa la pili. Mwandishi akiwa hana hakika mahali pa kihusishi, hukiweka mbele, kisha hukiweka nyuma pia ili awe salama: "the chair on which I sat on", "the village in which I was born in". Amelipa kodi mara mbili. Na mwingine hurudia kwa njia nyingine: "the chair which I sat on it". Kosa hili latoka moja kwa moja katika Kiswahili. Sisi twasema "kiti nilichokikalia", na humo kiti kimetajwa mara mbili ndani ya kitendo, kwa "-cho-" na kwa "-ki-". Mwanafunzi huzifasiri zote mbili, moja kwa "which" na moja kwa "it". Kumbe "which" imekwisha fanya kazi zote, na "it" yaja kama mgeni asiyealikwa.

Kosa la "My father he told me" lina asili iyo hiyo. Katika "baba yangu aliniambia" ile "a-" ni lazima. Kitendo chetu hakiwezi kwenda bila kichwa. Mwanafunzi huiona "a-" akaandika "he", na akiiona "wa-" ya "Juma na Ali walisema" huandika "Juma and Ali they said". Mwambie kwamba kitendo cha Kiingereza hakina kichwa cha namna hiyo, na jina likishatajwa "he" haina kazi. Kwa kweli Kiswahili kinapenda mlio wa kurudia: vitabu vyangu vile vizuri vimepotea, sauti moja mara tano, na sikio letu lafurahi. Kiingereza hakina ngoma hiyo.

Liko kundi jingine la kurudia ambalo twaliona hata katika barua za watu waliosoma sana: "return back", "enter inside", "descend down", "repeat again". Kwetu ni maneno mema: rudi nyuma, ingia ndani, shuka chini, rudia tena. Na Mwingereza naye husema "go back", "go down", kwa kuwa "go" peke yake haionyeshi njia. Tofauti ni hii. Wanormani kutoka Ufaransa walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, lugha yao ilileta maneno mengi yenye asili ya Kilatini, na mengi ya maneno hayo yamebeba kihusishi tumboni: "re-" ya "return" ni kurudi, "de-" ya "descend" ni kushuka. Kwa hiyo neno la kienyeji la Kiingereza huchukua mzigo mkononi, na neno lililotoka Kilatini aghalabu huwa limeumeza. Twasema aghalabu, maana "depend" hutaka "on", "consist" hutaka "of", na "comply" hutaka "with", ingawa yote matatu yametoka huko huko.

Waalimu watapata faida kwa kuwaonyesha wanafunzi jambo moja zaidi. Mara nyingi kihusishi kisichotakiwa na kitendo hutakiwa na jina lililotokana nacho. Husemwa "to discuss the matter", lakini "a discussion about the matter"; "to request help", lakini "a request for help"; "to emphasize cleanliness", lakini "emphasis on cleanliness"; "to answer a letter", lakini "an answer to a letter". Mwanafunzi asemaye "discuss about" na "request for help" hakubuni kosa lake hewani. Amelisikia jina, akakipa kitendo nguo zake.

Baada ya kusema hayo yote juu ya kuepuka kurudia, yafaa tuwaonye wasomaji wasiruke upande wa pili. Wako waandishi waogopao kurudia neno hata wakalibadili kila mstari. Kwanza ni "field", kisha ni "plot", kisha ni "land", kisha ni "property". Fowler aliwacheka watu wa namna hiyo, akasema kwamba hutafuta madaha wakapoteza maana. Katika hadithi madhara yake ni kidogo. Katika barua ya shauri la ardhi ni makubwa, kwa kuwa hakimu atauliza: je, mashamba ni mangapi? Kitu kimoja na kiitwe jina moja tangu mwanzo hata mwisho. Na kama kimetajwa karibu, "it" yatosha.

Nayo "it", na "he", na "his", zina mpaka wake. "Juma told Ali that his cow had entered his field." Ng'ombe wa nani? Shamba la nani? Kiswahili hakituokoi hapa, maana "ng'ombe wake ameingia shambani kwake" ina giza lile lile. Panapo watu wawili wa jinsia moja katika sentensi, rudia jina bila haya: "Juma told Ali that Ali's cow had entered Juma's field." Sikio litalalamika kidogo, lakini fidia italipwa na mtu ailipaye kwa haki. Tena, wanaume na wanawake wakitajwa pamoja, mwandishi achunge sana "he" na "she", kwa kuwa "a-" yetu haichagui, na wengi humwita mama "he" bila kujijua.

Ili mambo haya yasibaki maneno matupu, tumetunga barua fupi yenye makosa yote tuliyoyataja, nayo ni hii:

"Sir, I request for your help about my field which I lent it from Hamisi. Hamisi he has stayed in my field since three years and he agreed to return back my field until the month of June. I and Hamisi we discussed about my field in front of the elders, and the elders told Hamisi to go out from my field, but Hamisi has refused to go out from my field."

Msomaji asiicheke. Mwenye barua ana haki, na alisimama mbele ya wazee, na wazee walimpa haki yake. Lakini tazama mstari wa kwanza. Ameandika "lent" pamoja na "from". Msomaji wa mjini hana budi kuchagua: ama "lent" ni kosa, mtu huyu aliazima shamba kwa Hamisi, na shamba ni la Hamisi, ama "from" ni kosa, na shamba ni lake. Neno "my field" limeandikwa mara sita, na jina la Hamisi mara tano, lakini jambo moja lililotakiwa kujulikana, yaani nani alimpa nani, halikujulikana. Hivi ndivyo tungeiandika:

"Sir, I ask for your help in the matter of my field, which I lent to Hamisi. He has used it for three years, and he agreed to give it back by the end of June. We discussed the matter before the elders, who told him to leave, but he has refused."

Maneno 72 yamekuwa 52. Tumeandika "by the end of June" kwa sababu mwezi una siku 30, na "the month of June" haisemi ni siku gani. Kama walipatana siku ya kwanza ya mwezi, basi iandikwe siku hiyo. "In front of" tumeifanya "before", maana wazee hapa ni baraza; "in front of" ingemfanya mtu aone watu waliosimama mbele ya mti. Neno "matter" limetajwa mara mbili, nasi tumeliacha makusudi, kwani ni jambo lile lile. "Who" imetupunguzia "and the elders". Na "him" haina shaka, kwa sababu mtu mwingine mmoja aliyetajwa ni Hamisi tu.

Kwa wale watakao kuendelea peke yao, tunalo shauri moja la kazi. Usijifunze kitendo kikiwa uchi. Katika daftari lako usiandike "depend" peke yake, bali "depend on"; usiandike "lend", bali "lend something to somebody". Kamusi nazo si sawa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ya Kiswahili kwa Kiingereza, ni hazina kwa maana za maneno. Lakini kwa kujua kihusishi gani hufuata kitendo gani, tafuta kamusi iliyotengenezwa kwa wanafunzi wasio Waingereza. A. S. Hornby alitengeneza kamusi ya namna hiyo pamoja na wenzake alipokuwa mwalimu nchini Japani. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na mwaka 1948 ikatolewa na Oxford. Zilizotoka katika ukoo wake huonyesha kihusishi kando ya kitendo, na waalimu wengi wanazo mezani ila hawazitazami kwa kazi hiyo.

Mwisho twatoa sentensi tano za zoezi. Mwalimu aziandike ubaoni, na watoto wazisahihishe bila kuambiana.

"The box which I put the money in it has been stolen."

"The teacher he emphasized on cleanliness."

"We shall return back to the village until Saturday."

"This is the well we draw our water from."

"Fatuma rented her house from a trader, and he pays her every month."

Katika ile ya tano, mtoto atazame kwanza nani amlipa nani. Na mojawapo ya hizo tano haina kosa lolote. Atakayeisahihisha kwa ajili ya neno lake la mwisho, na arudi kusoma habari za Dryden.